Mpenzi Wangu Wanamwita Mlango Wazi

—Mtoeni huyo! Mtoeni kabla hajatuua!

Aliyekuwa akipiga kelele ni baba yangu, Don Leonte Féliz, kasimama juu ya kiti, mishipa ya shingo imemtoka kama kamba. Kulia kwangu kaka yangu Wilkin alikuwa anagonga sufuria kwa mwiko. Mimi nilikaa katikati yao, mikono nimeibana mapajani, siwezi kuzomea nao.

Kwa sababu yule waliyetaka atolewe, yule kijana mrefu aliyesimama peke yake katikati ya uwanja na mpira mkononi, alikuwa mpenzi wangu. Na wao hawakujua.

Timu yetu ni Kaa wa Barahona. Tangu nizaliwe haijachukua kombe la besiboli hata moja. Wenzetu wa miji mingine hutucheka: kaa haendi mbele, anakwenda upande. Baba anaipenda hivyo hivyo. Alimzika babu asubuhi, alasiri akawa uwanjani na nguo zake za msiba.

Eliécer Matos ndiye anayeitwa mwishoni, raundi ya tisa, tukiwa tunaongoza. Kazi yake ni moja: kurusha ile mipira ya mwisho wapinzani wasiipate, mchezo ufungwe, twende nyumbani tunacheka. Januari ya mwaka uliopita, katika fainali, alibakisha mpigaji mmoja tu. Akarusha. Yule bwana akaupiga mpira ukavuka ukuta, ukavuka na taa, na kombe likaondoka nao. Tangu siku hiyo Barahona nzima haimwiti Eliécer. Inamwita Mlango Wazi.

Na sasa, tena.

Nilisikia mlio wa gongo kabla sijaona mpira. Mlio ule mkavu, mtamu kwa wengine. Uwanja mzima ukageuza shingo kuufuata mpira mpaka ukuta ulipoumeza.

—Umefunguka! —Wilkin akapiga kelele—. Mlango umefunguka tena, jamani! Piteni, msibishe hodi!

Baba alishuka kwenye kiti, akavua kofia, akaitazama kama mtu anayetazama sahani tupu. Hilo liliniogopesha kuliko matusi.

—Huyu jamaa —Wilkin akasema taratibu, na safari hii hakuwa anacheka— ipo siku watamwokota mtoni.

—Usiseme hivyo.

—Kwani ndugu yako?

Baada ya mchezo, tukiwa njiani kurudi nyumbani, simu ikatetemeka ndani ya mkoba wangu. Niliifungua nikiwa nimeificha kwa kitambaa. Alikuwa Eliécer.

"Usije leo. Usinipigie. Nitakueleza kesho."

Siku iliyofuata alikuja kwenye duka la dawa ninapofanya kazi. Hapo ndipo tulipojuana, alikuja kutafuta dawa ya kuchua bega. Siku zote huingia mlango wa mbele, ananunua peremende asizokula. Siku hiyo aliingia kwa uani, kofia kaishusha mpaka machoni.

—Eliécer, una nini?

—Funga mlango kwanza.

Nikafunga. Akanipa simu yake.

"Mlango Wazi, ondoka Barahona. Ukirusha tena hapa mama yako atavaa nyeusi."

"Tunajua unapolala. Tunajua dirisha lipi halifungi."

"Mto hauna haraka. Utakungoja."

Zilikuwa nyingi, zote kutoka namba moja. Nilizisoma moja moja. Halafu nikafika kwenye ya mwisho.

"Na yule msichana wa duka la dawa mwache. Akiumia, damu yake iko juu yako."

—Yesu wangu. Wanajua.

—Wanajua, Yude.

—Nani? Sijamwambia mtu! Wewe je?

—Hata mama yangu sijamwambia. —Akakaa juu ya boksi la maziwa ya watoto, mikono yake mikubwa ikining'inia—. Na si meseji tu. Jana baada ya mchezo nimekuta kaa kwenye gari. Kaa mzima, wamemvunja miguu yote, wamemfunga kwa waya kwenye kioo. Alikuwa bado hajafa.

—Nenda polisi.

—Polisi gani? Askari wote wa mji huu wanavaa kofia ya Kaa.

Mteja akagonga kaunta mbele, tukaruka wote wawili kama wezi.

—Kuna timu Mexico inanitaka —akanong'ona—. Twende.

—Lini?

—Msimu ukiisha. Au hata kesho. Sema tu.

—Baba yangu ataniuliza ninakwenda na nani.

—Mwambie.

—Nimwambie nini, Eliécer? Kwamba ninakwenda na Mlango Wazi?

Jina hilo lilinitoka. Nililiona linavyomwingia. Hakukasirika, aliinamisha kichwa tu, na mimi nikatamani ulimi wangu ukatwe.

—Nisamehe, mpenzi.

—Hata wewe unalijua vizuri —akasema.

Kabla hajatoka niliinakili ile namba kwenye simu yangu.

Wiki ile sikulala. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba yetu nilijua ndiyo hiyo. Wateja wakiniangalia zaidi kidogo nilijiuliza: ni wewe? Mwanamume mmoja aliniomba pamba na spiriti, nikamwangalia mikono kama ina michubuko ya waya. Na zaidi ya yote nilimwogopa Wilkin. Si alisema mtoni? Meseji nazo zilisema mto.

Kaa, kwa maajabu yao, walishinda michezo mitatu mfululizo bila Eliécer kuitwa. Ikafika Jumapili ya mchezo wa kuamua nani ataingia fainali. Barahona ikapagawa. Wanawake walipaka kucha rangi ya timu, padri naye akafupisha mahubiri.

Mchana ule nilikuwa nyumbani. Baba alikuwa uani anaoga huku anaimba. Wilkin alikuwa ametoka mapema na wenzake. Mama, Doña Nurys, alikuwa jikoni anakaanga ndizi. Mimi nilikaa sebuleni karibu na cherehani yake, nimeshika simu. Nikasema: potelea mbali. Nikaipiga ile namba.

Ikaita sikioni mwangu.

Na kitu kikaanza kunguruma ndani ya nyumba yetu.

Nilidhani nimerukwa na akili. Nikaondoa simu sikioni. Mngurumo ukaendelea, mkavu, kama meno yanagongana. Ulitoka kwenye kopo la bati la vifungo vya Mama, pale chini ya cherehani. Vifungo ndani vilisikika vikicheza.

Nikafungua. Katikati ya vifungo vya sare za shule kulikuwa na simu ndogo, ya bei rahisi, inatetemeka na namba yangu juu ya kioo.

"Wilkin," nikasema moyoni. "Kaka yangu. Kaificha hapa."

—Iweke chini, mwanangu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kijiko cha kukaangia mkononi. Mafuta yalikuwa yanadondoka sakafuni na hakuyaona.

—Mama, Wilkin anamtishia mtu kumuua!

—Siyo Wilkin.

—Basi nani?

—Ni mimi.

Nilimtazama mama yangu. Mwanamke anayewasha mshumaa kwa Bikira wa Altagracia hata kuku akiugua.

—Wewe? Wewe ndiye umeandika "mama yako atavaa nyeusi"?

—Mimi.

—Kwa nini?

Akaketi. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla.

—Nilikuona unashuka kwenye gari lake, nyuma ya kanisa. Unacheka. Yude, mimi huwapelekea watu nguo zao wakiwa barazani, wakiwa wanakunywa. Wananisahau, wanaongea. Nimesikia wanavyomsema huyo kijana. Nikasema, siku watakayomvamia, binti yangu atakuwa kiti cha pembeni. Nikaona afadhali nimtishe mimi, aondoke, kabla hawajamfikia wao.

—Ungenikataza mimi!

—Mimi nilikatazwa baba yako na mama yangu. Ilisaidia nini?

Nilikuwa na hasira, na nafuu pia. Nikafikiri: basi yamekwisha, hakuna muuaji, ni mama yangu tu.

—Na kaa, Mama? Kaa ulimpata wapi? Ulimvunja miguu wewe?

—Kaa gani?

—Yule uliyemfunga kwenye gari lake.

Mama akaniangalia, na rangi ikamtoka.

—Mimi sikufunga kaa yeyote —akasema—. Yudelka, mimi niliandika tu.

Nafuu yangu yote ikamwagika. Kumbe nyuma ya muuaji wa uongo alikuwepo wa kweli.

Nilimpigia Eliécer. Alipokea akiwa tayari uwanjani, nilisikia ngoma.

—Usirushe leo. Mwambie kocha bega linauma.

—Umejua ni nani?

—Wa meseji nimemjua. Huyo hawezi kukuua, nitakueleza. Lakini kaa si wake.

—Kwa hiyo wapo wawili.

—Eliécer, nakuomba!

—Nikisema leo bega linauma, Yude, litaniuma maisha yangu yote. Na mimi naogopa. Usidhani siogopi.

Akakata.

Baba alitoka uani akinukia sabuni, amevaa fulana yake ya timu, kofia mkononi. Akatuona, mimi na Mama, akasimama.

—Kuna nini? Nani kafa?

Nikasimama mbele yake.

—Baba, nina mchumba.

—Ndiyo habari hiyo? Nilidhani nyumba inaungua. Anaitwa nani?

—Eliécer Matos.

Sikuwahi kuona uso wa baba yangu ukiwa hauna kitu kabisa. Hakuuliza ni Eliécer yupi. Mama akaanza, "Leonte, msikilize mtoto," naye akainua kiganja. Akavaa kofia. Akaifunga ile fulana ya besiboli vifungo vyote, hadi cha shingoni. Akatoka, na mlango hakuubamiza, aliurudishia polepole.

—Atamfanya nini, Mama?

—Sijui —Mama akasema. Wameoana miaka mingi kuliko umri wangu, na hakujua.

Tulikwenda wote wawili. Mama alikuwa hajawahi kukanyaga uwanjani maishani mwake. Kiti cha Baba kilikuwa kitupu. Cha Wilkin pia. Jua la Januari lilikuwa linashuka na watu wamejaa hadi juu ya miti ya nje, sauti moja, jasho moja. Sikuona mchezo. Nilikuwa natafuta nyuso.

Raundi ya tisa tunaongoza kwa pointi moja. Kocha akainua mkono. Geti dogo la pembeni likafunguka na Eliécer akaingia, na uwanja ukamzomea mtu wa nyumbani kwao.

Nasema ukweli mbele ya Mungu: alirusha vizuri. Mpigaji wa kwanza, nje. Wa pili, nje. Kelele zikageuka, watu wakaanza kuimba jina lake, lile la ubatizo. Mama akanishika kidole, karibu akivunje. Kwenye vituo walikuwa bado wamesimama wapinzani wawili aliowakuta. Mpigaji wa tatu akaupiga mpira vibaya, ukapanda juu, mwepesi, mpira wa kudakwa na mtoto. Mwenzetu wa nyuma akaukimbilia, akaufikia, ukamgonga glovu. Ukadondoka.

Wale wawili wakakimbia hadi kituo cha nyumbani, pointi mbili. Zamu yetu ya mwisho ya kupiga haikuzaa kitu. Tukafungwa.

Kosa halikuwa la Eliécer. Macho elfu ngapi yaliona. Lakini sauti ya kwanza niliyoisikia ilisema, "Mlango Wazi!" na zilizobaki zikaifuata.

—Twende kwenye geti la wachezaji —nikamwambia Mama—. Haraka.

Tulisukumana kufika. Umati ulishakuwepo. Wachezaji walikuwa wanatoka mmoja mmoja, wanaingia kwenye magari, wanaondoka. Aliyedondosha mpira alipita akilia na hakuna aliyemgusa. Gari la Eliécer lilikuwa pale chini ya ukuta, matairi yote manne yamechanwa. Walinzi wawili waliona umati ulivyo wakakumbuka kazi nyingine.

Akatoka. Begi begani, fulana imemganda mwilini. Akaliona gari. Akatuona sisi wote. Na umati, badala ya kupiga kelele, ukainama. Mwanzoni sikuelewa wanainama kufanya nini, hadi nilipoona mikono inainuka na mawe.

Miongoni mwa mikono hiyo niliutambua mmoja. Kwenye kifundo ulikuwa na bangili ya shanga niliyomnunulia mwenyewe.

Wilkin.

—Eliécer, rudi ndani! —nikapiga kelele, nikisukumana na migongo ya watu.

Hapo Baba akatokea. Sijui alikuwa wapi mchezo wote. Alikuwa anapasua watu kwa mabega, anakwenda moja kwa moja kwa Eliécer, uso ule ule usio na kitu. Mtu akacheka, "Don Leonte, muanzie wewe, una haki!" Nikafumba macho. Nilijua anakwenda kumpiga, na akimpiga yeye, wengine watammaliza.

Sikusikia pigo. Nikafumbua.

Baba alikuwa amempitishia Eliécer mkono kwapani, kama mtu anayemsaidia mgonjwa. Na alikuwa amewageukia.

—Nani hapa —akasema— ameifuata timu hii kuliko mimi? Ajitokeze.

Akawazungushia macho.

—Timu hii imenitoa machozi kuliko ndugu zangu niliowazika. Nimekaa kwenye jua, kwenye mvua, nimetukana hadi nikakosa sauti. Huyu nimemtukana kuliko wote. Na nitamtukana tena, kiti ni changu, mdomo ni wangu. Lakini sijawahi kumngoja mtu mlangoni na jiwe. Hiyo siyo kushabikia. Sijui ni nini, lakini hiyo siyo.

—Toka hapo, mzee! —sauti ikatoka nyuma.

—Sitoki. Rusheni. Mna shabaha nzuri, ninyi si Kaa?

Hakuna aliyecheka. Ndipo macho yake yakamfikia mwanawe.

Niliona miguu ya Baba ikiyumba. Eliécer ndiye aliyemshika asidondoke.

—Na wewe, Wilkin?

Wilkin alikuwa na miaka ishirini na tatu, na alionekana wa tisa.

—Baba, sogea —akasema, analia—. Anatuaibisha kila mwaka. Wewe mwenyewe ulisema mtu kama huyu hafai kuishi. Nimekusikia sebuleni!

—Nilisema?

—Ulisema! Ndiyo maana tulimwekea yule kaa!

Baba akasema kwa sauti ndogo:

—Basi la kwanza nipige mimi. Maana jiwe hilo nimekupa mimi.

Wakatazamana. Mama alipita pembeni yangu, mfupi vile, akaenda hadi kwa Wilkin, akamfungua vidole kimoja kimoja kama anavyomfungulia mtoto aliyeshika kitu kibaya. Jiwe likaanguka. Nikasikia jingine likianguka kushoto, na jingine nyuma. Watu hawakuomba radhi. Walianza kuondoka tu, wakiepuka kutazamana.

Tulitembea hadi nyumbani kwa miguu, katikati ya barabara, Baba bado hajamwachia Eliécer mkono. Karibu na nyumbani Baba akamwuliza:

—Binti yangu unampenda?

—Nampenda, Don Leonte.

—Ule mpira wa fainali. Kwa nini uliupitisha katikati?

—Uliniteleza mkononi, mzee wangu. Nilikuwa na jasho.

—Jasho —Baba akarudia. Mwaka mzima alikuwa anangoja jibu hilo. Akatikisa kichwa—. Haya. Jasho.

Mezani Mama hakumpa Eliécer nafasi ya kula. Alisimama mbele yake akasema yote: simu, kopo, meseji. Eliécer akaweka kijiko chini.

—Ile ya dirisha ambalo halifungi. Ulijuaje?

—Nilimshonea mama yako pazia. Nilikuja kupima.

—Usiku ule nililala chini ya kitanda, Doña Nurys. Mimi, na urefu huu.

Wilkin, aliyekuwa amejikunyata kwenye kona, akaficha uso. Mama akapiga magoti. Eliécer akamwinua upesi, lakini macho yake hayakulainika.

—Leo siwezi kusema nimesamehe. Nitakuwa nadanganya. Siku nikiweza nitakuja mwenyewe.

Akaondoka. Mexico hakwenda, na kwetu pia hakuja. Mimi naye tulionana, kwake, mchana, mbele za watu, na kila nilipogusa suala la Mama alibadilisha maneno. Wilkin alimpelekea matairi manne, akayafunga mwenyewe kwenye jua kali bila kuambiwa kaa wala nenda. Mama alishona, akaacha kuongea. Niliogopa sasa jambo jingine: kwamba nitaolewa na nusu ya familia yangu nje ya kanisa.

Ijumaa Kuu ikafika. Siku ile Barahona nzima inanuka maharage matamu, yale ya maziwa, sukari na viazi vitamu, na kila nyumba hupelekea nyumba nyingine bakuli. Tulikuwa mezani, mlango uko wazi kwa ajili ya upepo, tukaona kivuli kirefu kizingitini.

—Hodi.

Eliécer akaingia na bakuli limefunikwa kwa kitambaa, akapita mbele ya Baba, akanipita mimi, akasimama mbele ya Mama.

—Mama yangu amekutumia. Anasema sukari imezidi kidogo, umwie radhi.

Mama alilipokea kwa mikono miwili.

—Umenisamehe, mwanangu?

—Simu ikilia bado nashtuka, Mama —akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo—. Lakini nimekuja.

Mama akaligeukia kabati kutafuta kijiko, akakaa amelitazama muda mrefu, mabega yanatikisika. Baba akasogeza kiti kwa mguu.

—Keti, kijana —akasema—. Tuzungumze habari ya huyu binti, na siku ya harusi. Na isiwe msimu wa mchezo, tafadhali.